Boksi Kubwa Si Besi Kubwa, Acheni Kuuziwa Kabati

Nitaanza na jambo litakalonikosanisha na mafundi, tumalizane nalo mapema: maboksi mengi ya spika ninayoyaona kwenye tuktuk na Probox za huku kwetu Balambala si maboksi ya spika. Ni kabati za nguo zilizotobolewa shimo.

Spika yenyewe ni ya inchi sita na nusu, unaishika kwa mkono mmoja kama sahani ya chai. Boksi lake sasa! Linajaza buti mpaka tairi ya spea inatafutiwa nafasi juu ya gari. Ukimuuliza mwenye gari kwa nini, jibu ni lile lile kuanzia Sankuri mpaka Saka: "Boksi kubwa, besi kubwa, walaal." Anasema kwa uhakika wa mtu anayekutajia babu yake wa kumi. Mimi nasema hapana. Na sisemi kwa ubishi wa kijiweni, nasema kwa hesabu ambayo mtu yeyote mwenye kalkuleta kwenye simu anaweza kuirudia.

Kwanza mjue kwa nini nimekasirika. Kuna kijana jirani yetu anaendesha tuktuk ambayo bado analipia. Kila siku lazima apeleke pesa ya mwenye nayo kabla hajanunua hata kikombe cha chai. Huyo alitoa elfu nane kwa boksi tupu la lita 40, la spika moja tu, likawekwa nyuma ya kiti cha abiria, pale ambapo mama angeweka unga wake na jerikeni mbili. Siku ya soko anakataa mzigo kwa sababu ya boksi. Wiki sita baadaye spika ikaanza kukwaruza. Akarudi kwa fundi. Unajua aliambiwa nini? Ati spika ni feki, ongeza pesa tununue kubwa zaidi, na boksi tulikuze kidogo. Huo ni ugonjwa unaotibiwa kwa ugonjwa.

Sasa sikiza boksi linafanya nini.

Koni ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele na kuivuta ya nyuma kwa wakati mmoja. Mawimbi hayo mawili ni maadui. Yakikutana kwenye sauti za chini yanauana, ndiyo maana spika iliyo wazi mezani inalia kama mbu. Boksi lililozibwa linafungia lile wimbi la nyuma. Hapo mafundi wetu wote wanajua. Wanachoruka ni kazi ya pili, na hiyo ndiyo inayoamua ukubwa: hewa uliyoifungia ndani ni springi. Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha sukuma. Unaona inavyokurudisha? Hewa kidogo, springi ngumu. Hewa nyingi, springi laini. Spika nayo inakuja na springi yake kutoka kiwandani, ule ukingo wa mpira na kile kitambaa cha mikunjo nyuma ya koni. Kwa hivyo swali la boksi si "kubwa au dogo". Swali ni hili: spika hii inahitaji kuongezewa springi kiasi gani?

Na usiniambie haya ni mambo mapya. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur, pamoja na Henry Kloss, alianzisha kampuni ya Acoustic Research. Enzi hizo aliyetaka besi nyumbani alinunua kitu cha ukubwa wa friji. Villchur akafanya kinyume: akachukua spika yenye springi laini sana, akaifungia kwenye boksi dogo lililozibwa kabisa, akaiacha hewa ifanye kazi ya kuirudisha koni. AR-1 yao ilikaa kwenye rafu ya vitabu na ilishuka chini kuliko makabati ya watu. Hataza yake ilitoka 1956. Baadaye, 1972, Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney, akijenga juu ya kazi ya Neville Thiele, akachapisha hesabu kamili za boksi lililozibwa. Yaani mjadala wa boksi kubwa besi kubwa ulizikwa kabla baba yangu hajazaliwa. Huku kwetu tunaufukua kila wiki na kuulipia elfu nane.

Spika ya halali inakuja na karatasi yenye namba tatu unazozihitaji. Fs ni sauti ambayo koni inapenda kutetemeka ikiwa wazi, kwa mitetemo ya kila sekunde, yaani Hz. Qts inakuambia koni inajizuia vipi: namba ndogo ina breki kali, namba kubwa inaendelea kutikisika baada ya ngoma kunyamaza. Vas ni kiasi cha hewa, kwa lita, chenye ulaini sawa na springi ya spika yenyewe.

Hesabu ndiyo hii. Gawa 0.707 kwa Qts. Zidisha jibu kwa lenyewe. Toa 1. Kisha gawa Vas kwa kilichobaki. Umepata lita za boksi lako. Hiyo 0.707 ni Q ya spika ikiwa tayari ndani ya boksi, na ndiyo inayokupa besi iliyonyooka, isiyovimba popote. Ukitaka kujua mtetemo mpya wa spika ndani ya boksi, zidisha Fs kwa 0.707 halafu gawa kwa Qts.

Chukua spika ya kawaida ya inchi sita na nusu: Fs 60, Qts 0.5, Vas lita 12. Ukipiga hesabu unapata lita 12. Besi inaanza kupungua (desibeli 3 chini) kwenye 85 Hz.

Sasa itie spika hiyo hiyo kwenye kabati la lita 40. Kila mtu anategemea itashuka mpaka 50, si ndiyo? Inapungua desibeli 3 kwenye 88 Hz. Soma tena. Umeongeza boksi zaidi ya mara tatu na besi imeanza kufifia mapema zaidi, kwa sababu springi imekuwa laini mno na breki ya sumaku inaikaba koni kabla ya wakati. Ni kweli, chini kabisa kwenye 40 Hz, kabati linapata desibeli mbili na kitu zaidi. Lakini hapo sauti yenyewe imeshazama desibeli 11. Ni kama kugombania nani ana maji mengi kwenye ndoo mbili zilizokauka. Na hizo desibeli mbili zinalipiwa: kwa wimbo ule ule na sauti ile ile, koni inasafiri asilimia 30 hivi zaidi. Spika ndogo ina milimita chache tu za kusafiri. Ikizimaliza, koili inatoka mahali pake na kuanza kugonga. Ule mkwaruzo wa jirani yangu si ushahidi wa spika feki. Ni koni iliyokosa springi ya kuizuia.

Twende upande wa pili. Spika hiyo hiyo, lita 5.4 tu, kiboksi cha kubeba kwapani. Q inakuwa 0.9, besi inavimba kidogo sana, desibeli 0.7, na inapungua desibeli 3 kwenye 90 Hz. Lita 5.4 zinakupa 90. Lita 12 zinakupa 85. Lita 40 zinakupa 88. Hizo ndizo namba, na fundi anayekulipisha mbao za lita 40 anisaidie kueleza tofauti.

Simaanishi dogo zaidi ndilo bora zaidi. Ukiipeleka spika hiyo kwenye lita 2, kama vile viboksi vya plastiki vinavyobandikwa juu ya kichwa cha dereva, Q inapanda hadi 1.3, uvimbe unafika desibeli 3 na unakaa kati ya 150 na 200 Hz, na besi ya kweli inakatika kwenye 114. Sauti ya mwanamume anapoongea huanzia takribani 85 mpaka 180. Na huku si watu wote wanacheza ngoma kwenye gari. Wazee wanasikiliza kisomo cha Kurani, mawaidha, habari za Kisomali. Kiboksi cha lita 2 kinamfanya sheikh asikike kama anasoma akiwa ndani ya pipa. Hilo nalo ni kosa la ukubwa, na hakuna anayelisema kwa sababu masikio yamezoea.

Jambo ambalo hata video za nje hazikuambii ni hili: boksi linachaguliwa pamoja na gari. Wale wote wanaofundisha besi ya gari wanadhania gari limefungwa. Ndani ya gari lililofungwa, sauti za chini zinapandishwa na kabini yenyewe, na kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyopandishwa. Boksi lililozibwa linapoteza desibeli 12 kila mtetemo ukipungua nusu, na kabini kwa nadharia inarudisha karibu kiasi hicho hicho. Ndiyo siri ya boksi lililozibwa kwenye gari dogo, linanyanyuliwa bure. Lakini hiyo ni vioo vikiwa juu. Nani anaendesha Probox na vioo juu Balambala saa saba mchana, AC ilishakufa zamani za mwenye gari wa kwanza? Ukishusha vioo, sehemu kubwa ya zawadi hiyo inapeperuka na vumbi.

Tuktuk je? Tuktuk haina milango. Haina kabini ya kukunyanyulia chochote. Kumjengea mwenye tuktuk boksi la kutafuta 40 Hz ni kumuuzia mwavuli usio na kitambaa. Kwenye tuktuk unataka mpigo wa kati ya 90 na 120 Hz, ule unaousikia kifuani hata upepo ukipita, na huo unaupata kwenye lita 5.4, pamoja na nafasi ya jerikeni za mama. Kwa hivyo spika moja, magari mawili, maboksi mawili tofauti: lita 12 kwa Probox, lita 5.4 kwa tuktuk.

Usiniletee mfano wa nganya za Nairobi. Zile zina sabufa za inchi 12 na 15. Koni kubwa yenye springi laini ina Vas kubwa, kwa hivyo hesabu yenyewe inadai lita nyingi. Boksi kubwa pale limefuata spika kubwa. Wewe umechukua viatu vya mtu wa futi saba ukamvalisha mtoto wa nasari.

Kuna spika ambazo hazitaki boksi kabisa. Nyingi za zile za umbo la yai, inchi 6 kwa 9, zimeundwa zikae kwenye rafu ya nyuma na buti yote iwe hewa yao. Kama Qts kwenye karatasi imefika 0.7, gawanya ujionee: kinachobaki ni karibu sifuri, na lita zinakimbia mpaka haziandikiki. Hiyo spika usiijengee boksi, ifunge kwenye rafu uende zako. Na ile stika ya "1200W" kwenye sumaku haiingii kwenye hesabu yoyote. Redio ya gari yenye fyuzi ya ampia 10 kwenye volti 12 inaweza kuvuta wati 120 kwa kila kitu, taa zake zikiwemo. Wati 1200 zitatoka wapi, mbinguni?

Kwenye kujenga, kosa ninaloliona kila siku ni kupima boksi kwa nje. Boksi la sentimita 30 kwa 25 kwa 25 kwa nje linaonekana ni karibu lita 19. Ukitumia mbao ya milimita 18, ndani inabaki 26.4 kwa 21.4 kwa 21.4. Hizo ni lita 12 na chembe. Theluthi nzima imeliwa na mbao! Sumaku ya spika nayo inachukua nafasi yake, nusu lita au zaidi. Ukijaza nyuzi za poliesta za mto wa zamani, kwa ulegevu, hewa inafanya kana kwamba boksi limeongezeka kidogo, kwa hivyo sumaku na nyuzi zinaelekea kufidiana. Spika mbili kwenye boksi moja, zidisha lita kwa mbili. Kama boksi la zamani lina pembe za ajabu na hesabu inakushinda, lijaze mchanga mkavu wa laga kisha uumwage kwa jagi la lita moja ukihesabu. Uliosha boksi? Pangusa basi, usije ukafunga spika juu ya mchanga.

Na likiitwa la kuzibwa, lizibwe. Gundi kila ungo, silikoni ndani ya kila kona, na tundu la waya pia. Chini ya ukingo wa spika weka utepe wa tyubu ya baiskeli. Ukimaliza, isukume koni taratibu kwa vidole vyote kisha uiachie: irudi polepole, kana kwamba ina usingizi. Ikiruka kurudi, kuna mahali panavuja. Vumbi letu peke yake ni sababu ya kutosha ya kukataa boksi lenye bomba, maana bomba ni mlango, na unga mwekundu wa barabara hii utaingia ukae nyuma ya koni yako. MDF inakatika vizuri lakini ikilowa inavimba kama mandazi. Waliokuwa huku mafuriko ya mwisho wa 2023 hawahitaji kuelezwa. Mimi ningechukua plaiwudi.

"Lakini spika zetu haziji na karatasi." Kweli, za sokoni nyingi zinakuja na stika tu. Basi zipime. Unahitaji amplifaya, simu yenye programu ya kutoa toni, rezista ya om 100, na multimita inayosoma volti ndogo za AC. Rezista iwe ya wati tano, isikuunguze. Pima kwanza om za spika tupu, tuseme 3.4. Unganisha rezista mfululizo na spika, pandisha toni kutoka 20 Hz ukisoma volti kwenye miguu ya spika. Mahali volti inapofika kilele ndipo Fs. Pale kilele linganisha na rezista ya om unazozijua uliyoiweka mahali pa spika, utapata om za kilele, tuseme 20.4. Gawa kwa 3.4, unapata 6. Kipeo cha pili cha 6 ni 2.45. Zidisha 3.4 kwa 2.45, ni 8.3. Sasa tafuta toni mbili, moja chini ya Fs na moja juu yake, ambapo spika inasoma om 8.3. Tuseme 40 na 89. Tofauti ni 49. Zidisha 49 kwa 2.45, kisha gawa Fs ya 60 kwa jibu. Umepata 0.5. Hiyo ndiyo Qts, na hakuna mzungu aliyekuja kukupimia. Kwa Vas, ifunge spika kwenye boksi lolote lililozibwa unalojua lita zake, tafuta kilele kipya, kigawe kwa Fs, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa lita za boksi. Kazi ya nusu saa.

Najua jibu linalokuja. Ati wewe uliacha chuo mwaka wa pili, hesabu umetoa wapi? Karo iliisha, kichwa hakikuisha. Kugawanya na kutafuta kipeo tulifundishwa sote kabla ya kidato cha pili, fundi akiwemo. Wapo wazee wa ufundi hapa ninaowaita abti kwa heshima zote, wanaweza kukunja bati likanyooka kama karatasi na mimi siwezi. Siwashindi mikono. Ninachokataa ni mtu mwenye mikono hiyo kukisia lita kwa macho halafu hasara ya makisio ikalipwa na dereva wa tuktuk.

Multimita ninayo, rezista ninazo, na boksi la majaribio lipo nyumbani. Lete spika na uniambie ni ya gari gani. Kama umeshalipa arbuni ya lile la lita 40, usiogope, mwambie fundi akate mbao ile ile: yanatoka maboksi mawili ya tuktuk, kulia na kushoto, na mbao inabaki.